Madigadi ya Yakup

Gulsum alikuwa ameinamia madigadi ya trekta, anasugua kutu kwa brashi ya waya, binti yake Zeliha alipotoka ndani kusema kwamba mnunuzi wa mjini Yozgat amepiga simu. Anakuja kesho kulichukua trekta.

Mumewe, Durmush, alikuwa upande wa pili anafungua nati. Hakuinua kichwa. Alisema hawezi kuendesha tena chombo kilichomlalia mwanawe. Yakup alikufa masika yaliyopita, trekta lilipobingirika naye kwenye mteremko wa shamba la dengu. Gulsum alidhani wanalisugua walipake rangi ili wabaki nalo.

"Kumbe unanipambisha bibi harusi wa watu," alisema.

Kando yake palikuwa na ndoo ya maji ya majivu, yangali yanafuka, ya kulainisha bolti zilizoganda. Akayamwaga yote juu ya madigadi kwa hasira. Yakapita kwenye matundu ya kutu, yakazama ardhini. Zeliha akashika mdomo. Kijijini pale hakuna mwanamke anayemwaga maji ya moto nje kabla ya kuwaomba ruhusa wale wa chini ya ardhi wasiotajwa jina, wapate kuwaondoa watoto wao.

"Mama, hukuomba ruhusa."

Gulsum akamwambia akaangalie chungu.

Kwanza ilikuja harufu ya nywele zilizoungua. Durmush alitoa bomba la moshi na kibao cha kukanyagia, vyote vimeliwa na kutu, akavitupa. Lakini bolti za madigadi kila alipozilegeza, akageuka kuchukua spana, alizikuta zimekaza na kushika kutu upya. Akaenda kwa jirani kuazima tindo.

Hapo Gulsum akasikia kitu kinagonga ndani ya bati.

"Mama, umeniunguza."

Ilikuwa sauti ya Yakup, yenye ule mkwaruzo wa asubuhi kabla hajanywa chai. Tangu utotoni alikaa juu ya madigadi ile, ameshika bega la baba yake. Gulsum akalaza shavu kwenye bati. Sauti ikauliza kama mitufaha imezaa, kama koti lake bado limetundikwa, naye akajibu kila swali kwa kunong'ona, huku bati likizidi kupata joto na harufu ikimjaa kooni. Durmush aliporudi na tindo, alimkuta mkewe amekumbatia chuma.

"Hii haitoki," alimwambia. "Sikiliza."

Durmush akasikiliza. Machozi yakamtoka, tindo likamwanguka.

"Niko peke yangu huku," sauti ikasema. "Mleteni Zeliha akae nami. Kidogo tu."

Na Zeliha alikuwa ameshafika, hakuna aliyemwona akitoka mlangoni, amelikodolea bati macho, mguu mmoja juu ya gurudumu, mkono umekamata madigadi na ngozi inaungua bila yeye kulia, na Gulsum alipomvuta ilikuwa kama kuvuta mti wenye mizizi, akavuta, akavuta, mpaka wote wawili wakaanguka matopeni.

Durmush akakimbia kumwita Imamu Muharrem. Imamu akaja, akasoma kwa muda mrefu, kisha akamwambia Gulsum kwamba kisomo kinakizuia tu kile kilichomo ndani ya bati. Aliyeunguza ndiye aombe radhi, na ndiye akifukuze kwa mdomo wake, kisha aling'oe lile bati yeye mwenyewe.

"Imamu wangu, kina sauti ya mwanangu."

"Najua, dada."

Gulsum akaokota tindo na nyundo. "Nisamehe," alisema. "Kama nimemuunguza mtoto wako, mimi nimemzika wangu. Lakini wewe si Yakup. Ondoka hapa kwangu."

Kisha, kwa upole, kwa sauti ileile:

"Sasa nani atakuita mama hivi?"

Akateremsha nyundo chini. Nyuma yake Zeliha akaanza kulia, sasa maumivu yamemfikia. Gulsum akapiga. Akapiga tangu bolti ya kwanza hadi ya mwisho, na kila pigo sauti ikamwita mama, mpaka madigadi ikaanguka. Chini yake palikuwa na magamba ya kutu na tope. Harufu ikakatika.

Jioni aliweka sinia la bulgur ya ngano na mtindi katikati ya sakafu. Imamu alizuiwa asiondoke. Kabla ya kupakua, Gulsum akauliza, bila kumtazama mtu:

"Durmush?"

"Nipo."

"Zeliha?"

"Nipo, mama." Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa.

Imamu naye akasema yupo. Gulsum akashikilia upawa hewani, anasikiliza upande wa uani, kulikosimama trekta.

"Basi ndio sisi wote," alisema, akaanza kupakua.