Wakili na Sheria ya Bomba

Shangazi ni dobi. Mikono yake hunukia sabuni hata siku ya mapumziko. Kila asubuhi hubeba beseni zake na kwenda kwenye bomba la mtaa. Hufua hapo hapo chini ya bomba, maana mwenye nyumba hataki kuona hata tone la maji ya sabuni uani kwake. Kazi hiyo ndiyo inayoweka chakula mezani.

Likizo hii mezani kuna mdomo mmoja zaidi. Ni mtoto wa kaka yake, anayesoma sheria chuo kikuu. Amepata nafasi ya kujifunza kazi katika shirika la kimataifa la maendeleo, lile lililojenga bomba. Masomo hajamaliza, lakini mtaa mzima unamwita Wakili. Naye hakatai. Ukimwita kwa jina lake halisi, anachelewa kugeuka.

"Shikamoo, shangazi. Shati langu limekauka?"

"Marahaba. Limekauka na limepigwa pasi. Leo unakwenda kumfunga nani?"

"Simfungi mtu. Leo tunatunga sheria ya bomba."

Sheria ilihitajika kweli. Pale bombani palikuwa na dimbwi la maji ya sabuni lisilokauka. Watoto waliteleza, mbu walizaliana. Wenye ndoo na wenye beseni waligombana kila siku, na katika ugomvi huo Shangazi hakuwa mnyonge. Shirika lilimtuma Wakili awakutanishe wapatane.

Wakili aliitisha mkutano ukumbini, asubuhi. Alipanga viti vizuri. Wakaja kinyozi, mwalimu mstaafu, mwenye duka na wenzao, wanaume tupu, watu wanaopenda mikutano kuliko chai. Mwanamke hakuja hata mmoja. Asubuhi ndiyo saa ya foleni ya maji.

Wakili alisoma rasimu yake. Ilikuwa ndefu. Kinyozi alisinzia kwenye kifungu cha kwanza, akaamshwa na makofi.

"Wanaokubali?" aliuliza Wakili.

Mikono yote ikapanda. Sheria ilipita kwa kauli moja, na walioipitisha hawakuwahi kujitwika ndoo maishani.

Siku iliyofuata bati lenye sheria hiyo lilipigiliwa bombani. Shangazi alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima karibuni, na alikuwa akisoma kila alichokiona, hata karatasi za sabuni. Aliweka beseni chini, akafuata maneno kwa kidole:

"Ni marufuku kwa mtumiaji yeyote, awe yeye mwenyewe au kupitia kwa wakala wake, kutekeleza shughuli za ufuaji katika eneo la chanzo cha maji tajwa."

"Herufi zote nimezisoma," alimwambia mama mwenye ndoo aliyekuwa nyuma yake. "Sasa linasema nini?"

"Linasema usifue hapa."

"Nani kasema?"

Mama mwenye ndoo akatazama pembeni. "Si mtoto wa kaka yako?"

Jioni Shangazi hakupiga kelele. Hilo lilimtisha Wakili kuliko kelele.

"Mwanangu, kitumbua changu umekitia mchanga."

"Ni uamuzi wa mkutano, shangazi. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Sikuwepo kwa sababu nilikuwa nafua. Nilikuwa nafua shati lako la juzi, ili leo upate la kuvaa."

Wakili akaitazama kola ya shati alilovaa.

"Basi," alisema Shangazi, "mimi ni mtu wa kufuata sheria. Sifui."

Na kweli hakufua. Beseni zililala kifudifudi nyuma ya mlango. Kinyozi aliishiwa taulo safi, akawa anawafuta wateja kwa gazeti. Suruali nyeupe ya mwalimu mstaafu ikageuka rangi ya chai. Mwenye duka aliacha kuinua mikono mbele za watu. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Wote wakaanza kumsaka Wakili.

"Sheria hii nani aliipitisha?" aliuliza kinyozi kwa hasira.

"Wewe," alijibu Wakili.

"Mimi nilikuwa nimelala."

Mtaani watu walicheka, lakini nyumbani kwa Shangazi kicheko kilipungua pamoja na chakula. Jioni moja Wakili alimkuta amekaa kizingitini, mikono imemkauka.

"Wateja wameanza kwenda kwa dobi wa mtaa wa pili," alisema. "Wakishazoea huko, hawarudi."

Wakili aliona aibu. Na aibu hiyo ilikuwa yake peke yake.

Kesho yake alikwenda ofisini na kola chafu. Msimamizi wake alikuwa mwanasheria wa shirika, mama wa makamo. Ofisi nzima ilimwita Mama Miwani, kwa kuwa miwani aliivaa kichwani na kuitafuta mezani.

"Kola imekuwaje hiyo?"

Wakili akaeleza yote. Mama Miwani alicheka mpaka miwani ikamshukia puani. Kisha akaacha kucheka.

"Sheria yako itamgusa nani?"

"Wanaotumia bomba."

"Uliwasikiliza?"

"Hawakuja."

"Uliwaita saa ambayo hawawezi kuja. Waite jioni, tena pale pale bombani. Kisha andika maneno ambayo hata aliyejua kusoma jana atayaelewa."

"Na dobi?"

"Kufua si kosa. Shida ni maji machafu kukosa pa kwenda. Yakituama, mbu huzaliana, na bomba likiwa na ufa, uchafu unaweza kuingia kwenye maji ya kunywa. Ukimkataza mtu kufanya kazi yake hapa, mwonyeshe ataifanyia wapi."

"Nifute sheria, basi?"

"Huna uwezo wa kuifuta peke yako. Itisha mkutano. Lakini kwanza kaombe radhi nyumbani."

Aliomba radhi. Shangazi alimwacha aombe mara mbili, ingawa alikuwa amemsamehe mara ya kwanza.

Mkutano ulifanyika jioni bombani. Wenye ndoo walikuja, wenye beseni walikuja, na wapenda mikutano hawakukosa. Shangazi aligeuza beseni moja, akaikalia, akaomba neno.

"Mtu asipige kura ya bomba kabla hajabeba ndoo kutoka hapa mpaka kwake."

"Huo ni ubaguzi," alisema mwalimu mstaafu.

"Ndoo hii hapa, mwalimu."

Wanawake walicheka, lakini hakuna aliyeiondoa ile ndoo. Basi wanaume wakabeba. Kinyozi alirudi amelowa mpaka kiunoni. Wakili alifika nyumbani na nusu ndoo, nusu nyingine ameinywesha barabara. Baada ya hapo hotuba zilikuwa fupi sana.

Wakakubaliana. Sehemu ya kufulia itajengwa pembeni, upande wa mteremko, iwe na sakafu ya saruji. Mtaro utapeleka maji kwenye shimo lililojazwa mawe, ili ardhi iyanywe yasituame. Shirika litaleta saruji, wakazi watachimba. Asubuhi wenye ndoo watatangulia, kisha wenye beseni. Wakili aliandika bati jipya, Shangazi akalipima kwa kulisoma kwa sauti. Kila neno lililomkwamisha ulimi, lilifutwa. Mwisho yakabaki haya:

"Chota hapa. Fua kule. Maji yasituame."

Dimbwi likakauka. Watoto wakaacha kuteleza. Wateja wa Shangazi walirudi, hata wale waliokwishahamia kwa dobi wa mtaa wa pili, na suruali ya mwalimu ikarudia weupe wake.

Siku moja kabla ya kurudi chuoni, Wakili aliamka mapema.

"Shikamoo, shangazi. Shati langu limekauka?"

"Marahaba. Litakauka ukishalifua," alisema Shangazi, akamkabidhi beseni na kipande cha sabuni.

Wakili akaenda bombani. Akafungua maji, akachuchumaa, akaanza kusugua kola. Yule mama mwenye ndoo alikuwa nyuma yake tena. Alikohoa kidogo, akaonyesha lile bati kwa kidole.

"Wakili, kwani hujui kusoma?"

Wakili alilisoma, akabeba beseni yake, akahamia kule.