Mihogo ya Dimbwini

Saa kumi na mbili asubuhi. Dimbwi nililoloweka mihogo lilikuwa tupu!

Msomaji, huku Litapunga mihogo iliyolowekwa hailindwi. Hata mwenye njaa haigusi. Yangu iliguswa...

Na ndicho chakula pekee tulichokuwa nacho. Mvua ilikata mapema, mahindi yakakauka. Wanangu, Nestori na Evaline, walilala na maji ya chumvi tu.

Nilikimbilia kwa Dafrosa, jirani yangu. Jana yake jioni tulikuwa tumesali pamoja.

"Dafrosa! Nimeibiwa mihogo!"

Nikasukuma mlango. Binti yake, Rozalia, alikuwa sakafuni anatapika. Kwenye sufuria, vipande vya mihogo yangu.

"Ni wewe?!"

"Mama Nestori, nisamehe. Mtoto alilia mpaka nikashindwa."

"Si tuliomba wote mkate wa leo? Ukaitikia amina!"

"Nikadhani ndio huo umekuja..."

"Mihogo michungu hiyo! Ina siku moja tu majini, sumu haijatoka!"

"Lakini nimeichemsha!"

Dafrosa kazaliwa Majengo, mjini. Mihogo aliyoizoea inatafunwa hata mbichi.

"Na wewe umekula?"

"Haikutosha. Nilimwachia yeye."

Tulimbeba kwa zamu hadi zahanati. Wanangu wakatufuata nyuma.

Mganga alimtazama, akamtundikia dripu.

"Nyie ni wakulima. Nani anapika mihogo ya siku moja?"

Dafrosa akainamisha kichwa. Mimi pia.

Sasa niwaambie ambalo sikumwambia mtu pale.

Dimbwini nilikwenda na sufuria mkononi. Nilikwenda kuitoa ile mihogo niwapikie wanangu asubuhi ile ile. Tena mimi niliijua sumu yake! Nilipanga kuipika, kisha nimwombe Mungu amalizie siku zilizobaki.

Sisemi kwamba Mungu aliihamishia sumu kwa mtoto wa mwenzangu. Sina ushahidi, na siwezi kumsifu kwa hilo. Ninachojua ni kwamba nilipolikuta dimbwi tupu nilimlaumu kwa kuninyima, na wanangu wako hai kwa sababu nilinyimwa. Ukimwomba riziki ya leo, usimlazimishe iwe ile uliyoishika mkononi.

Saa nne muuguzi alileta kikombe cha uji wa mgonjwa.

Rozalia alikuwa bado hajafumbua macho.

Dafrosa alikishika kile kikombe mpaka uji ukapoa. Kisha akamwita Nestori.

"Njoo, baba. Kunywa, umwachie na mdogo wako."

Walikunywa wote wawili. Kikaisha.