Kutu ya Jikoni kwa Habiba

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Habiba aligusa karai la marehemu mama yake lililotundikwa ukutani. Lilikuwa limetoboka, halipiki tena. Lakini kutu haikuwamo hata chembe. Mama alilisugua kwa majivu na kumbi la nazi, akisema, "Mwanangu, kutu ni aibu ya mwenye nyumba."

Enzi hizo, hapo hapo Kiwangwa, Ijumaa ilianza kunukia iliki kabla hata ya adhana. Sasa jiko la Habiba lilinuka yai viza.

Lilikuwa jiko la gesi ya samadi. Kinyesi cha ng'ombe kinaoza shimoni, gesi inapita bombani hadi jikoni. Habiba alilipenda, maana moshi wa kuni ulimwachia kifua kibovu.

"Ijumaa ni khitma ya mama yako," alisema mumewe, Ishaka, amejiziba pua kwa kofia. "Wageni watakula vitumbua kwa uvundo huu? Nirudishe kuni?"

"Ukirudisha kuni, utapika wewe."

"Nipike mimi? Basi khitma itakuwa ya wote."

Habiba akamwita Najma, fundi wa mitambo ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nusa mwenyewe."

Najma akafunga koki, akafungua madirisha. "Harufu hii msiizoee, ni sumu. Mkiisikia, msiwashe moto. Fungeni koki, mtoke nje."

Hewa ilipotulia, akafungua kopo la chujio lililo kwenye bomba. Ndani akakuta stiliwaya mpya za kusugulia sufuria, zinang'aa kama hereni.

"Nani kaweka hizi?"

"Mimi. Harufu ilipoanza nilifungua, nikakuta zile nyuzi zako za chuma chenye kutu zimekuwa nyeusi tii. Nikazitupa."

"Mama wee! Umemfukuza mlinzi kwa kuwa kavaa nguo chafu! Kutu ndiyo inayokamata uvundo, gesi safi ikapita. Ikishiba inakuwa nyeusi, haikamati tena. Hizi zinazong'aa hazikamati kitu. Ulizitupa wapi?"

Wakaenda nyuma ya banda la ng'ombe. Habiba akaduwaa. Zile nyeusi zilikuwa nyekundu tena.

"Zimevuta hewa," alisema Najma. "Hewa inairudisha kutu. Ila zikitoka kwenye kopo, zilowanishe, zitandaze uani mbali na majani makavu. Zinapata joto, zinaweza kuwaka. Zikichoka kabisa, niite nilete nyingine."

Habiba akaingia ndani. Akatoka na karai la mama.

"Hilo?" Ishaka akashtuka. "Mimi uliyenikataza hata kulifuta vumbi!"

"Lina tundu. Maji yatachuruzika."

Nusu ya nyuzi zikarudi kwenye chujio. Nusu zikabaki ndani ya karai, zikingoja zamu.

Ijumaa moto uliwaka wa buluu. Vitumbua vikaumuka, iliki ikatangulia adhana, kama zamani. Habiba akatoka uani, akapitisha kidole kwenye karai. Kikatoka chekundu.

"Mama, niwie radhi," akasema, akitabasamu. "Hii si aibu. Hii imekuja kazini."