Subaru ya Mjomba na Gari Lisilo na Sauti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nasma alifagia uani na kuwawekea kuku maji. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, lakini aliivuta makusudi ili amsubiri mjomba wake. Mjomba Hashimu aliuza spea za magari karibu na soko la Kasulu, na alikuwa na Subaru ya bluu aliyoitunza kama mboni ya jicho lake. Alipoiwasha, madirisha yalitetemeka. Nasma alisimama na ufagio mkononi, akiusikiliza ule mngurumo mpaka upotelee barabarani, ndipo alipofunga viatu na kukimbilia shule.

Darasa zima la sita lilizijua habari za gari lile. Nasma alikuwa amewatangazia kwamba hakuna gari Kigoma nzima linaloweza kuondoka kwa kasi kubwa kuliko Subaru ya mjomba wake. Saady, aliyekaa dawati moja naye, alimuunga mkono. Felician peke yake ndiye aliyebisha. Alisema alipokwenda kumtembelea shangazi yake Kibondo, aliliona gari la umeme la Daktari Lusajo wa hospitali ya huko likichomoka kimya kimya kama limesukumwa na mtu.

"Gari lisilonguruma litatoa wapi nguvu?" Saady aliuliza, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Elieth, aliyefundisha sayansi, alikuwa ameshafika mlangoni. Hakumcheka mtu. Aliwaambia kwamba ubishi kama huo unamalizwa kwa kupima. Kitu wanachobishania, alisema, kinaitwa mchapuko, yaani jinsi chombo kinavyoongeza mwendo wake. Akampigia simu Daktari Lusajo, kisha akaenda dukani kwa Mjomba Hashimu. Daktari alikubali mara moja. Mjomba alikubali huku akicheka, kama mtu aliyekwisha kushinda.

Nje ya mji kulikuwa na kipande kirefu cha lami mpya ambacho hakijafunguliwa kwa magari. Wenye mradi wa barabara hiyo na askari wa usalama barabarani walitoa ruhusa kwa masharti: magari yakimbie moja moja, madereva wafunge mikanda, na watazamaji wakae mbali nyuma ya kamba. Mwalimu Elieth alimkabidhi Nasma saa ya michezo, kwa sababu darasani hakuna aliyekuwa na mkono mtulivu kama wake. Felician alinung'unika kwamba mpwa hawezi kumpimia mjomba wake. Mwalimu alimjibu kuwa yeye anamwamini Nasma.

Jumamosi asubuhi watu walifurika kama siku ya gulio. Waendesha bodaboda waliacha vijiwe vyao, na wauza ndizi wakafuata wateja. Mwalimu alipima mita mia mbili, akaweka koni mwanzoni na mwishoni. Nasma alisimama nyuma ya kamba, sambamba na koni za mwisho. Bendera ikishuka angebonyeza, gari likivuka angebonyeza tena.

Subaru ilianza. Mjomba alipiga resi mpaka vifua vya watu vikatetemeka, bendera ikashuka, na gari likaruka mbele. Lilinguruma, likapumua kidogo kwenye kubadili gia, likanguruma tena, likapita kama radi ya bluu. Watu walirusha kofia juu. Nasma alitazama saa kwa furaha: sekunde tisa.

Kisha likaja gari jeupe la Daktari Lusajo. Bendera iliposhuka hakukuwa na mngurumo, ila matairi tu yakisugua lami. Watu wakaguna, wengi waliona kama linatembea tu. Nasma alibonyeza, akatazama saa, na furaha yote ikamshuka miguuni. Sekunde nane.

Watu walimsubiri. Alijua hakuna mwingine aliyeiona namba ile, na kwamba angesema kumi wote wangemwamini, kwa kuwa masikio yao yalikwisha kuamua.

"Subaru, sekunde tisa," alisema. "Gari la umeme, nane."

Zogo likazuka. Wengine walidai saa ni mbovu. Saady alisema Nasma amebonyeza vibaya, na maneno hayo yalimchoma kwa kuwa yalitoka kwa rafiki. Mjomba Hashimu akaja taratibu, akainama mbele yake.

"Nasma, mwanangu," alisema kwa upole, "kidole hakikuchelewa kidogo nilipopita mimi?"

Nasma alielewa kwamba anafunguliwa mlango. Ilitosha kuitikia kwa kichwa tu, na heshima ya mjomba ingebaki pale pale.

"Hapana, Mjomba. Hakikuchelewa."

Mjomba aliinuka. Kisha akanyoosha mkono na kuomba saa, akasema atapima mwenyewe. Akasimama pale aliposimama Nasma, na gari jeupe likakimbia tena. Akatazama saa, akaifuta kwa kanzu, akatazama tena. Akaomba lirudie, na majibu yakawa yale yale, akayatangaza kwa sauti: sekunde nane, kama alivyosema Nasma. Umati ulianza kupiga makofi, kwanza wachache, halafu wote.

Mwalimu Elieth akawaeleza kwamba mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu gari linapoanza kuondoka, wakati injini ya petroli hulazimika kuzunguka haraka kwanza na kubadili gia njiani. Daktari Lusajo naye hakujigamba. Alisema kwamba kwenye umbali mrefu zaidi Subaru ingeweza kulipunguza pengo, na kwamba yeye akisafiri mbali hana budi kufikiria atachaji wapi.

Mjomba aliomba kuonja. Akakaa mbele kando ya daktari, Nasma nyuma, mikanda imefungwa. Gari lilipoondoka, mgongo wa Nasma ulibanwa kwenye kiti na tumbo likabaki nyuma. Alipiga kelele za raha mpaka mwisho wa lami, na mjomba wake alikuwa akicheka kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Waliporudi, Saady alikuja kuomba radhi, akaomba na zamu ya kushika saa. Mjomba Hashimu akawaita watoto wote karibu, akamwekea Nasma mkono begani.

"Miaka yote hii nilikuwa napima kwa masikio," aliwaambia. "Leo gari langu limeshindwa, na bado nalipenda. Lakini mtoto huyu angenidanganya ili nifurahi, ningerudi nyumbani na ushindi wa uongo na mpwa nisiyeweza kumwamini. Saa haina ndugu, wanangu. Na anayeishika, akiwa anaishika, asiwe na ndugu."