Kimya Safi

Mtu akitaka kuitwa kichaa sokoni Lushoto, njia ni rahisi. Apite katikati ya mafungu ya karoti na kabichi akiwa ameshika kitu chenye manyoya ya kijivu, akinyooshe mbele kama anakinusisha mboga, na asimsalimie mtu. Hivyo ndivyo alivyopita Faraji asubuhi ile ya ukungu, kavaa sweta la bluu lililochakaa viwiko na hedifoni kubwa nyeusi masikioni. Chenye manyoya kilikuwa kipaza sauti, na manyoya yalikuwa ya kuzuia upepo. Alikuwa anarekodi kelele za soko kwa ajili ya podikasti yake, mchezo wa kuigiza ambao watu huusikiliza kwenye simu. Aliutunga, akauhariri na kuurusha mwenyewe kutoka chumba kimoja nyuma ya kibanda chake cha kutengeneza simu.

Pembeni alikaa msichana wa Mlalo aliyekuja kuuza mapeasi. Gauni lake la kitenge lilikuwa la maua ya njano, juu kavaa koti la mwanamume lililomzidi, na mtandio mwekundu ulikuwa unateleza kila alipocheka. Alimwita yule kijana wa manyoya ajaribu tunda. Akamwita tena. Faraji alikuwa anampita hivyohivyo, kichwa juu, mpaka peasi moja lilipomgonga begani.

"Kaka, nimekuita mpaka koo limekauka," msichana alisema Faraji alipogeuka. "Huyo paka wako kakuziba masikio?"

Majirani walicheka. Faraji hakucheka. Akagusa hedifoni. "Samahani, dada. Hizi zinazuia sauti."

"Zinazuia na adabu."

Akacheka tena, na kicheko kile kilikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni ambao kipaza sauti kinaupenda. Faraji alimwomba acheke tena ili arekodi. Msichana akamwambia hachekeshwi kwa kuombwa, ila jina anaweza kumpa bure: anaitwa Tatu. Faraji akauliza kama ni mtoto wa tatu kwao.

"Wa kwanza. Nilizaliwa Jumatatu, baba hakutaka kujisumbua."

Wiki haikuisha kabla Tatu hajawa Zuhura, mke aliyepotea kwenye ukungu katika mchezo wa Faraji, anayemwita mume wake Sefu kutoka korongoni.

Sasa nikuambie lile ambalo Tatu hakuambiwa. Sikio la kushoto la Faraji lilikuwa limekufa. Lilianza kwa mlio mwembamba, likafuata giza la sauti, na daktari wa hospitali kubwa alipomaliza kumpima alisema la kushoto ndiyo basi. La kulia je? Daktari alikunja karatasi zake na kusema, tutaangalia. Faraji alirudi milimani na neno hilo moja, na tangu siku hiyo aliamka kila asubuhi akisugua vidole karibu na sikio la kulia kuhakikisha bado vinasikika. Hedifoni alizivaa hata akienda kununua sukari. Mwenye hedifoni akiitwa asiitike, watu husema ni maringo ya vijana. Hakuna anayesema kiziwi.

Alilijua neno kiziwi tangu utotoni. Baba yake, mzee Jafari, alipoteza masikio yote mawili kabla ya mvi. Mama alipaza sauti miaka mingi, kisha akachoka, kisha akanyamaza kabisa, na nyumba yao ikabaki na sauti za vijiko kwenye sahani. Kumfanyia mwanamke yeyote hivyo Faraji aliogopa kuliko kufa. Alikwisha jiapiza kutopenda, na kiapo hicho kilidumu mpaka peasi lilipomgonga.

Simu ndiyo ilimharibu. Kwenye simu alikuwa mwanamume kamili. Aliibana kwenye sikio la kulia, na Tatu alikuwa ndani ya kichwa chake, akiwa Mlalo anapepeta maharage au anamkimbia mdogo wake asisikilize.

"Bwana Manyoya, umekula?"

"Nimekula, Jumatatu wangu. Na wewe?"

"Mimi sili mpaka nisikie sauti ya mtu fulani. Sikutaji."

Wakitembea, Faraji alikaa kushoto kwake siku zote ili Tatu abaki upande wenye uhai. Barabara ikipinda, naye alihama. Tatu alidhani anamkinga na pikipiki, akajisifu kwa wenzake kwamba kapata muungwana. Akisema jambo na Faraji asilipate, Faraji alitabasamu na kusema, sawa. Amina, kweli kabisa, nimesikia. Alikuwa na maneno kama hayo tele, na kila alipolitumia moja alimchungulia Tatu usoni kwa woga kuona kama limekaa mahali pake.

Basi ikafika siku ya kumaliza kazi. Chumba kilitundikwa mablanketi na magunia ukutani kuzuia mwangwi, na Tatu alilia kilio cha mwisho cha Zuhura mpaka akatoka jasho na baridi yote ile. Ilibaki desturi moja ya Faraji. Kila mwisho wa kazi hukaa kimya kidogo na kurekodi kimya chenyewe, kwa sababu hata chumba kitupu kina sauti yake, na hiyo huitumia kuziba viraka pale alipokata maneno. Akawasha mashine, akavua hedifoni na kufumba macho.

Alizivua kwa sababu ya hofu. Alfajiri ile sikio la kulia lilikuwa limelia, mlio mwembamba, ule ule. Akakaa anausikilizia mlio ule, akijiuliza kama bado upo au ni mawazo yake, na hakukumbuka tena kwamba Tatu ameegemea ukuta upande wake wa kushoto. Alipofumbua macho alitazama mashine ili asionekane alivyokauka midomo.

"Kimya safi," alisema. "Hakuna kitu chochote humo."

Tatu alimtazama. Kisha akafunga mtandio wake, akafungua, akafunga tena, akasema gari la Mlalo litamwacha. Faraji alitaka kumsindikiza, lakini alishakuwa nje, na kwenye mlango hakugeuka.

Simu zake hazikupokelewa kwa siku kadhaa. Alizipiga akiwa kibandani, akiwa njiani, akiwa na mkate mdomoni. Alihisi kitu kimevunjika na hakujua ni kipi. Hatimaye ikapokewa, na sauti ya Tatu ilikuja bila Bwana Manyoya wala umekula.

"Faraji, siku ile nilikuambia kitu. Ulinisikia?"

Alimwambia kitu? Lini? Upande upi? Angeweza kusema hapana, na hapana ile ingedai maelezo, na maelezo yangeleta neno kiziwi. Mdomo wake ukaenda wenyewe palepale ulipozoea kwenda.

"Nilikusikia."

"Na lile ndilo jibu lako?"

"Ndilo," alisema, huku hajui ni lipi.

Tatu akamwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza, kwamba kesho anakwenda Bulwa kwa shangazi yake Mwajuma, kuna kazi kiwanda cha chai. Akamtakia kazi njema. Faraji alibaki ameshika simu iliyokwisha nyamaza. Alijiambia kwamba lile ambalo hakulisikia lilikuwa kwaheri. Tatu keshamgundua, keshachoka kabla hata ya kuanza, na nani amlaumu?

Wasikilizaji walikuwa wanadai sehemu ya mwisho, wengine kwa matusi. Akaketi kuhariri mchana mmoja wa mvua. Kwenye kilio cha Zuhura palikuwa na mkato mbaya, pikipiki ilipita, ikabidi achukue kile kimya cha siku ya mwisho kuziba. Akakicheza kwanza. Ukasikika mvumo wa chumba, kuku mbali, bati likilia. Halafu karibu, kwa mkwaruzo ule mdogo:

"Nakukunda, Faraji."

Nakupenda, kwa Kishambaa. Zuhura hakusema neno la Kishambaa hata moja katika mchezo mzima, na mume wake aliitwa Sefu. Kabla Faraji hajavuta pumzi, mashine ikaendelea, na safari hii alijisikia mwenyewe, mkavu kama karani: Kimya safi. Hakuna kitu chochote humo.

Alirudisha nyuma akasikiliza tena, na tena, mpaka akajichukia kabisa. Kipaza sauti hakikuwa na upande uliokufa. Kilimtunzia kila kitu, pamoja na ukatili ambao hakujua ameufanya.

Ungemtegemea arukie gari saa ileile. Hakuruka. Alikaa siku mbili, kwa sababu kwenda Bulwa maana yake ni kusema, na akisema Tatu atakuwa na haki ya kumtazama kama mama alivyomtazama baba mwishoni, kwa huruma iliyochoka. Na mlio wa sikio la kulia ulirudi mara nyingine. Kilichomnyanyua ni kwamba aliogopa zaidi kufikiri Tatu anachambua chai huko akiamini alipenda ukuta.

Hedifoni aliziacha mezani. Akateremka Mombo kwa zile kona ambazo abiria huacha kuongea, akabadili gari, na akiwa Muheza akampigia. Tatu hakupokea. Akamwandikia kwamba yuko njiani, na jibu likaja la neno moja: Usije. Faraji alilisoma mara nyingi akalirudisha mfukoni, akapanda gari la Bulwa.

Gari lilimshusha kwenye barabara ya vumbi jekundu katikati ya mashamba ya chai, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Aliona mistari ya kijani mitatu minne mbele yake, kisha weupe. Upande mmoja mteremko ulishuka kwenye korongo. Masikio yake yalikuwa uchi na kila sauti ilimtisha. Mwenye sikio moja husikia, lakini hajui sauti inatoka wapi, na kwenye ukungu macho hayamsaidii.

"Faraji!"

Alikuwa Tatu. Akageukia kulia, akaanza kumfuata.

"Faraji, huku!"

Akaongeza mwendo. Jina lake lilitoka kila mahali kwa pamoja, juu, nyuma, chini ya miguu. Mahali fulani kwenye chai akina mama wawili walicheka. Akageuka mzima, akageuka tena, akapoteza hata upande aliotokea, na kokoto zikaanza kuserereka chini ya kiatu chake na kwenda ambako hakuzisikia zikitua. Akaogopa kama mtoto.

"Simama hapohapo. Usisogeze mguu."

Alisimama. Vicheko vilikoma. Mkono ulimshika sweta kutoka kushoto, akashtuka, na Tatu akamvuta mpaka katikati ya barabara. Alikuwa ametoka kiwandani aliposikia gari, bado kavaa aproni ya plastiki na mabuti meusi, na mtandio ulikuwa ule mwekundu. Uso wake haukuwa na hasira tena. Ulikuwa unahesabu: hedifoni za kila siku, peasi la begani, kutembea kushoto.

"Nilikuwa huku," alisema polepole, akionyesha juu. "Nakuita, unakwenda korongoni. Faraji, hilo sikio."

Hapo akasema yote. La kushoto, la kulia, tutaangalia. Baba yake, mama yake, vijiko. Alisema hakusikia lolote siku ile, kalisikia juzi kwenye mashine, na kwenye simu alidanganya kwa sababu ndivyo alivyozoea kuishi. Alisema anaogopa, anaogopa kila siku, na hawezi kumwahidi kwamba sikio lililobaki litabaki.

Tatu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo Faraji hakulitegemea.

"Baba yako, mama alipomsemesha naye asisikie, alikuwa anajibu nini?"

Faraji alifikiri. "Alitabasamu. Akasema sawa, nimesikia."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi mama hakuchoshwa na kupaza sauti. Mtu hachoki kupaza sauti kwa anayemtaka. Alichoshwa na kujibiwa na mtu ambaye hayupo." Alimfuta tope kwenye kiwiko, kwa nguvu kidogo. "Mimi nimelia wiki nzima kwa sababu ya ile 'nilikusikia' yako. Uziwi wako haujaniliza hata siku moja."

Ukungu ulipita kati yao. Maneno yote aliyokuja nayo Faraji yalikwisha, likabaki moja tu alilolificha chini kabisa, na akalisema akitazama mabuti ya Tatu. Aliuliza kama anaweza kupeleka wazee Mlalo kuposa.

Tatu alihama. Alikwenda makusudi upande wa kushoto, akaitazama chai, na midomo yake ikacheza. Faraji hakupata kitu. Tabasamu la zamani lilipanda lenyewe usoni na lile neno likafika kwenye ulimi, sawa, laini na tayari. Hofu ikamwambia aliseme tu. Huenda ni ndiyo. Huenda ni hapana na asiijue kamwe.

Akalimeza.

"Sikusikia, Tatu," alisema. "Rudia."

Tatu akamzunguka kwa mbele, akasimama kulia kwake, karibu.

"Nimesema walete kabla ya masika. Barabara ya Mlalo ikianza kuteleza, baba atasingizia hajaona wageni."

Faraji aliishika mikono yake, yenye harufu ya majani mabichi. "Na lile jingine?"

"Lipi?"

"Lile la kwenye kimya."

Tatu alijaza kifua. Akalirudia kwa Kishambaa, kwa sauti iliyowafanya akina mama waliokuwa wanachuma mistari ya juu wamjibu kwa vigelegele.