Kabla ya Kengele

Mapenzi ya Garikai na Khanyisile yalianzia kwenye lundo la viwavi wakavu, kitoweo cha kwao Garikai, na anayeona jambo hilo halina heshima hajawahi kufika soko la Yeoville Jumamosi asubuhi.

Khanyisile alikuwa amevaa gauni la manjano na raba nyeupe, akiwainamia wale viwavi kama daktari anayetazama picha mbaya ya eksirei.

"Hawa wanaliwa na vichwa vyao?" alimuuliza muuzaji.

"Wanaliwa na watu wenye roho ngumu," alidakia kijana aliyesimama nyuma yake, utepe wa kupimia nguo ukimning'inia shingoni. "Wewe, dada, nunua kabichi."

"Nani kakuuliza?"

"Viwavi. Wanakuogopa."

Khanyisile akamtia mmoja mdomoni, akatafuna, akameza, machozi yakimlengalenga.

"Watamu," alisema, akidanganya mchana kweupe.

Garikai, fundi cherehani kutoka Masvingo, Zimbabwe, akapenda papo hapo. Akabebeshwa mfuko wa vyakula hadi kwenye ukumbi wa kanisa, akidhani anapelekwa kwenye sherehe. Kumbe ni darasa la uchumi. Kila Jumamosi watetezi wa wahamiaji, yaani walinzi, wachuuzi na watumishi wa majumbani, pamoja na wenyeji kama Khanyisile wa Soweto, walifundishwa na Mkongo mmoja mwembamba aitwaye Ilunga, ili wakiambiwa barabarani kwamba wageni wanakula kazi za watu, wawe na la kujibu.

Garikai alijiunga siku hiyohiyo. Tunasikitika kusema hakujiunga kwa ajili ya uchumi. Kwa miezi mitatu alielewa jambo moja tu: kwamba Khanyisile akifikiri huuma kifuniko cha kalamu.

"Mpenzi," alimpigia simu, "soko huria ndilo soko gani? Lile letu la Yeoville?"

"Fundi, unataka jibu au unataka sauti yangu?"

"Vyote viwili, kwa bei ya jumla."

Ilunga alikuwa na desturi yake. Mwishoni mwa somo alimfunga mtu mmoja kitambaa chekundu shingoni, na mtu huyo alitakiwa kusema maneno ya adui kwa nguvu zake zote, huku wenzake wakijitahidi kumjibu. Ya kitambaani hayakuwekwa moyoni. Ilunga akipiga kengele yake ya mkononi, mtu anarudi kuwa yeye.

Ndipo Tete Sarudzai akaja kwa basi kutoka Masvingo. Kwao Garikai, tete, yaani shangazi, ndiye anayemtazama mchumba kwanza; tete akikataa, habari ya ndoa imekwisha. Alikuja kukaa wiki moja. Garikai, kichwa kimemvimba kwa majivuno, akampeleka moja kwa moja hadi mlango wa ukumbi.

Ndani, Khanyisile alikuwa na kitambaa chekundu.

"Warudi kwao!" alifoka, akipiga meza. "Wamejaa hadi kwenye ngazi!"

Tete akamgeukia mpwa wake taratibu.

"Ni mchezo, tete. Subiri kengele."

Kengele ikalia. Khanyisile hakunyamaza.

"Kaka yangu Bheki anakaa sebuleni bila kazi mwaka wa pili! Mafundi wa kutoka Zimbabwe wanashona hadi usiku, yeye hana hata kifungo cha kushona! Nani atanijibu hilo?"

Khanyisile akaiona kengele mkononi mwa Ilunga, kisha akamwona Garikai mlangoni.

"Mwanangu," Tete Sarudzai alimwambia Garikai, "nina sikio moja bovu, na kengele nimeisikia."

Garikai akaondoka. Siku tatu alishona mikono ya mashati mahali pa kola. Simu ya Khanyisile ilipolia kwa mara isiyohesabika, akapokea.

"Ulimaanisha?"

"Sijui."

"Sijui ndilo jibu?"

"Unataka nikudanganye? Nikikutazama wewe, najua. Nikirudi nyumbani nikimtazama Bheki, sijui tena. Wewe hujawahi kuchanganyikiwa?"

"Tangu siku ya kwanza ya Ilunga."

Khanyisile akacheka, au akalia. Kwenye simu ile mbovu hakuna mwanadamu ambaye angeweza kutofautisha.

Jumamosi iliyofuata, saa chache kabla ya basi la tete, Garikai aliingia ukumbini amevaa suti aliyojishonea, tete nyuma yake. Akaomba kitambaa.

"Mimi ni Bheki," alianza. "Nilikuwa na kazi kwenye kiwanda cha viatu. Sasa nakaa sebuleni, na nje kuna fundi mgeni anayecheka na dada yangu. Aende kwao!"

Maneno yalimtoka kwa urahisi, matamu mdomoni, hadi akajiogopa. Akaendelea, akakwama.

"Kiwanda kilifungwa na... mwenye kiwanda. Akauza mashine." Akakuna kichwa. "Mwalimu, namgombeza fundi, lakini fundi hakuwa na ufunguo wa kiwanda."

Ilunga, aliyeisubiri siku hiyo kwa miezi mitatu, akavua miwani akaifuta.

"Lakini Bheki bado yuko sebuleni," alisema Khanyisile.

"Bado yuko. Hilo sina jibu lake. Na bado nakutaka."

"Hicho kitambaa ndicho kinachosema."

Garikai akaichukua kengele mezani, akaipiga mwenyewe hadi njiwa wakaruka darini. Akavua kitambaa.

"Nakutaka. Olewa na fundi asiyejua soko huria."

Khanyisile akafungua mdomo, lakini Tete Sarudzai alikwisha kuinuka. Akamtazama binti kuanzia raba hadi nywele.

"Wewe ndiye uliyesema baada ya kengele."

"Ndiyo, tete."

"Wasichana wote wanaoletwa mbele yangu husema wanapenda kila kitu chetu. Je, viwavi unawapenda?"

Khanyisile akamtazama Garikai. Kengele ilikuwa imekwisha kulia.

"Wanatisha, tete. Siku ile nilidanganya."

"Na huyu?"

"Huyu nampenda. Hilo halinichanganyi."

Tete Sarudzai akauvua mkoba wake mzito begani, akamkabidhi Khanyisile aubebe hadi kwenye basi.