Juzuu ya Nne

Ndugu zangu wa Kariakoo, nyumba ninayoisimulia mnaipita kila siku. Kila Shaabani palisomwa khitma ya marehemu Nassibu. Udi ulifuka, ubwabwa uliiva, majirani wakagawana juzuu thelathini za Kurani. Ya nne haikugombewa: ilikuwa ya Mwinyimvua, mdogo wa marehemu.

"Sauti hiyo, jamani!" wanawake walisema. "Marehemu anaburudika huko aliko."

Hakuna aliyetazama uani. Huko, katika banda la jiko linalovuja, ndiko walikolala Tatu, mjane wa marehemu, na binti yao Zamda. Vyumba vyote sita walivyoachiwa na marehemu, Mwinyimvua alikuwa amevipangisha, kodi akila mwenyewe. Mvua ikinyesha, godoro liliroa. Tatu akaanza kukohoa.

Miaka minne ikapita hivyo. Ndipo Zamda, aliyekuwa akifundisha kisomo cha watu wazima jioni, akaazimwa na Bi Sitara, mwalimu mwenzake, Kurani yenye tafsiri ya Kiswahili. Alifungua kwanza juzuu ya baba yake mdogo. Akasoma, kisha akamsomea mama yake aya inayoonya kwamba anayekula mali ya yatima kwa dhuluma anakula moto.

"Hiyo ndiyo anayoisoma?" Tatu aliuliza.

"Kila mwaka, mama."

"Na mimi huku naitikia amina!" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Msomee na yeye, mwanangu."

Tatu hakuifikia Shaabani.

Siku ya khitma, Mwinyimvua alipofunga juzuu, Zamda alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba mdogo. Naomba niisome maana yake."

"Maana waachie masheikh. Kapakue ubwabwa."

Zamda akaisoma. Mwinyimvua akamnyang'anya kitabu, akasoma mwenyewe.

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukituambia, baba mdogo. Kila mwaka."

Jioni ile Mwinyimvua alimkabidhi Zamda funguo za nyumba. Zamda akafungua chumba cha mbele, ambacho mpangaji wake alikuwa amehama, akalitoa godoro la mama yake bandani, akalitandika. Lilikuwa bado na unyevu.

FUNZO

Sisemi Mwinyimvua hakujua kwamba dhuluma ni dhambi. Alijua. Lakini onyo lililomhusu lilipita kinywani mwake bila kumgusa, nasi tuliokula ubwabwa ule, mimi nikiwamo, tuliisifu sauti. Tuitunze lugha ya Kitabu, tuisome kwa heshima. Ila tusitosheke mpaka tumeielewa kwa lugha tunayoombea maji nyumbani. Huenda kuna mtu uani anayesubiri tuelewe.